Kabla ya kulipa pesa ya kiwavi wa hariri, uliza mbegu inatoka wapi

KALEMIE – Mama mmoja alinishika mkono kwenye bomba la maji, katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani pembeni ya mji wetu. Alikuwa na bidoni mbili tupu na mtoto mgongoni. Akaniambia: "Mwanangu, sauti yako naijua. Ni wewe ulitusomea lile tangazo la hariri."

Ni kweli, nililisoma mimi. Lilikuwa tangazo la kulipiwa, la dakika moja, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Lilisema familia zinazotaka kufuga viwavi wa hariri zijiandikishe kwa franka 15,000, kwamba zitapata mafunzo na mayai, na kwamba mnunuzi yupo tayari. Mama huyo aliuza unga wa mahindi aliopata kwenye mgao, akaongeza pesa aliyomkopa dada yake, akalipa. Siku tuliyoongea ilikuwa imepita miezi minne. Mayai hayajafika, na simu ya aliyepokea pesa haipatikani.

Sitamtaja mtu huyo hapa. Kazi ya kuhukumu si yangu, na huenda naye alidanganywa na mwingine. Lakini kuna kazi moja iliyokuwa yangu na sikuifanya: kuuliza kama maneno ya tangazo ni ya kweli kabla ya kuyaweka masikioni mwenu. Wapenzi wasikilizaji, wapenzi wasomaji, kwa hilo naomba radhi. Wiki hizi zilizopita nimeifanya kazi hiyo kwa kuchelewa. Nimeongea na agronomu, nimesoma yale ambayo watafiti wameandika juu ya mdudu huyu, na nimerudi kambini kuuliza watu waliambiwa nini hasa kwenye mikutano ya kujiandikisha.

Waliambiwa mambo matatu. La kwanza, kwamba hariri iko tayari kwenye miti yetu, ile mifuko ya kahawia ya viwavi ambayo watu wanaiona porini, na kwamba ni ileile ya China. La pili, kwamba yakija mayai ya kisasa, familia itafuga hata ndani ya hema. La tatu, kwamba ukinunua mbegu mara moja, ni yako milele.

Mambo yote matatu yanahusu kitu kimoja: mbegu ya mdudu, yaani urithi anaozaliwa nao. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Mfuko wa porini na kifukofuko cha China

Hariri inayouzwa duniani kote, ile laini ya kuteleza, karibu yote inatoka kwa mdudu mmoja anayeitwa na wataalamu Bombyx mori. Ni kiwavi mweupe anayekula majani ya mforosadi, mti ambao kwa Kifaransa tunauita mûrier. Akishiba na kukomaa, anajizungushia uzi mpaka anafunikwa kabisa. Nyumba hiyo ya uzi ndiyo kifukofuko. Ndani yake kiwavi anageuka kuwa nondo. Uzi wa kifukofuko kimoja hauna mahali ulipokatika, na unaweza kufika mita 1,000. Ndiyo maana mtu anaweza kukiweka kwenye maji ya moto, akaushika mwanzo wa uzi, akauvuta na kuukunja kama mtu anayefungua bunda la uzi wa nyavu.

Kiwavi huyo hapatikani porini popote duniani. Aliyeko porini ni ndugu yake, Bombyx mandarina, anayeishi China, Korea na Japani. Huyu ana rangi ya kijivu na kahawia kama kijiti kikavu, na ndege wanampita bila kumwona. Nondo wake anaruka. Anakula mforosadi uleule, lakini kifukofuko chake ni kidogo na chembamba, na uzi wake ni kidogo mara kadhaa kuliko wa yule wa kufugwa. Hata hivyo bado ni ndugu wa karibu sana. Ukiwakutanisha, wanazaa, na watoto wao pia wanazaa. Miaka kama 5,000 iliyopita watu wa China walianza kuwatunza hawa wa porini, na kila msimu wakawa wanabakiza kwa mbegu wale wenye vifukofuko vikubwa. Kutoka kwao ndipo alipopatikana yule mweupe.

Sasa, ile mifuko yetu ya kahawia. Viwavi wanaoitengeneza wanaitwa Anaphe, na wako katika nchi nyingi za Afrika. Wanaishi kwa kundi. Wakikomaa wanajenga mfuko mmoja mkubwa kwa pamoja, wenye ngozi ngumu kama karatasi kwa nje, na ndani kila mmoja ana kichumba chake. Ni hariri, hapo tangazo halikudanganya. Lakini Anaphe si ndugu wa Bombyx wa kuweza kuzaa naye. Koo zao zilitengana mamilioni ya miaka iliyopita. Nyuzi za mfuko wake zimepitana na kugandana, kwa hiyo huwezi kuuvuta uzi mmoja mrefu. Ni lazima uchemshe mfuko kwa maji na majivu mpaka gundi itoke, ukausafisha, halafu ukausokota kwa mkono kama pamba. Na wapo nywele wa viwavi ndani ya mfuko huo wenye kuwasha ngozi na macho. Mtu akikutuma ukusanye mifuko hiyo bila kukuambia habari ya nywele, hakujali.

Simaanishi kwamba hariri ya porini ni takataka. Wayoruba wa Nigeria tangu zamani wanafuma kutokana na Anaphe nguo ya heshima inayoitwa sanyan, ambayo watu wakubwa wanaivaa kwenye sherehe. Madagaska kuna kiwavi wa porini anayeitwa Borocera, anayeishi kwenye misitu ya mti wa tapia, na hariri yake inafumwa sanda za kuwazikia wafu kwa heshima. Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu ICIPE kilifanya kazi na wanakijiji wanaoishi pembeni ya msitu wa Kakamega juu ya Anaphe, na watu wa Mwingi juu ya kiwavi mwingine anayeitwa Gonometa. Kuna njia ya kupata kitu kwa wadudu hawa. Lakini ni njia yake yenyewe: ya kusokota kwa mkono, ya kikundi kilichojifunza, ya msitu unaotunzwa ili viwavi warudi mwakani, na ya mnunuzi anayejua kwamba ananunua hariri ya porini. Kumwambia mtu kwamba ni ileile ya China ni sawa na kumwuzia dagaa ukimwambia ni sangara. Vyote ni samaki, na dagaa ana thamani yake, lakini bei na mapishi ni tofauti.

Hata mbinzo wanaouzwa kwenye masoko ya Kinshasa, wale ambao Lubumbashi wanaitwa vinkubala, wengi ni wa ukoo mkubwa unaotoa hariri ya porini huko India na China. Watafiti waliochunguza uzi wa ukoo huo waligundua kitu. Uzi wa Bombyx umetengenezwa kwa protini kubwa inayoitwa faibroini, nayo imeshikamana na protini nyingine mbili ndogo zaidi. Kwa wale wa porini wa ukoo wa mbinzo, hizo mbili ndogo hazipo kabisa. Ile kubwa inashikamana na mwenzake peke yake. Maana yake hata maagizo ya kutengeneza uzi, yaliyoandikwa ndani ya mwili wa mdudu, ni tofauti. Hakuna mafunzo ya siku mbili yanayoweza kuyabadilisha.

Kwa nini wa kufugwa anatoa nyingi

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na naomba mnivumilie kidogo.

Kila kiumbe kina jeni, yaani maagizo ya urithi anayopokea kwa mama na baba. Mwaka 2009 watafiti wa China walisoma urithi wote wa viwavi 40: 29 wa kufugwa na 11 wa porini. Walikuwa wanatafuta mahali ambapo mkono wa mfugaji umeacha alama. Wakapata jeni 354 zinazoonekana kuchaguliwa na wafugaji kwa muda mrefu bila wao wenyewe kujua. Baadhi ya jeni hizo zinafanya kazi kwenye tezi ya hariri, nyingine kwenye tumbo la chakula, nyingine kwenye sehemu za uzazi.

Unaona maana yake? Wale wazee wa China walidhani wanachagua kifukofuko kikubwa tu. Kumbe walikuwa pia wanachagua tumbo linalojua kugeuza majani kuwa protini, na mwili unaozaa haraka. Tezi, tumbo na uzazi vimebadilika pamoja.

Tezi yenyewe ni ya ajabu. Ni mirija miwili inayojikunja ndani ya mwili wa kiwavi, na siku za mwisho kabla ya kujifunika, robo au zaidi ya uzito wake wote ni tezi hiyo. Na sikilizeni hili: idadi ya seli za tezi inawekwa wakati kiwavi bado yuko ndani ya yai. Akishatoka, seli haziongezeki tena. Zinakua tu, kila moja inanenepa na kunenepa. Kwa hiyo kuna kitu ambacho majani mengi hayawezi kukifanya. Kiwavi aliyezaliwa na seli chache atashiba, atanenepa, lakini tezi yake haitakuwa ya mwenzake.

Mwaka 2022 watafiti hao wa China walitoa kazi nyingine kubwa zaidi, ya viwavi wa aina zaidi ya 1,000 wa kufugwa na wa porini. Walipata jeni moja, wameiita BmE2F1, inayohusika na kuongezeka kwa seli za tezi. Walipoiharibu, viwavi walizaliwa na seli chache na hariri ikapungua. Walipoiongezea nguvu, seli zikaongezeka na hariri ikaongezeka. Kumbe sehemu ya tofauti kati ya aina moja na nyingine inaamuliwa kabla yai halijapasuka.

Kwa hiyo anayesema mayai ya kisasa yana faida, anasema kweli. Mbegu ni kitu kikubwa. Lakini upande wa pili haukutajwa kambini.

Katika miaka hiyo 5,000, kila kilichoongezwa kililipiwa kwa kingine. Nondo wa kufugwa ana mabawa lakini haruki. Kiwavi wake hana rangi ya kujificha, na ukimwacha kwenye tawi nje, ndege au siafu wanamaliza kazi. Hatembei kutafuta chakula. Ukimwekea majani kwenye ungo anakula, usipomwekea anabaki palepale mpaka anakufa, hata kama mti uko hatua kumi. Mama mmoja kambini nilipomweleza hivyo alicheka, akasema: "Basi huyo naye anangoja mgao kama sisi." Wote pale tulicheka, halafu tukanyamaza.

Hema na ungo

Tufanye hesabu. Kiwavi mmoja wa kufugwa, tangu anatoka kwenye yai mpaka anajifunika, anakula kama gramu 20 za majani. Ni kidogo. Lakini boksi moja la mayai kwa kawaida lina mayai kama 20,000. Hiyo ni kama kilo 400 za majani mabichi kwa muda wa chini ya mwezi mmoja. Na hayaliwi kwa kiasi kilekile kila siku. Zaidi ya robo tatu yanaliwa siku za mwisho, wakati kiwavi yuko kwenye hatua yake ya tano. Hapo ni zaidi ya kilo 300 kwa wiki moja na kidogo, yakichumwa mabichi na kuletwa mara kadhaa kwa siku.

Nani ana mforosadi wa kiasi hicho kambini? Familia nyingi pale hazina hata mahali pa kupanda lengalenga. Wanawake wanaogopa kwenda mbali kutafuta kuni, wanakwenda kwa kundi na kurudi mapema. Leo unawaambia wakatafute kilo 300 za majani?

Halafu joto. Kiwavi huyu anapenda hewa ya wastani, kati ya nyuzijoto 23 na 28, na hewa inayopita. Ingia ndani ya hema la turubai saa saba mchana hapa Kalemie, wewe mwenyewe unatoka nje kutafuta kivuli. Halafu moshi wa mkaa, maana hema ndilo jikoni mvua ikinyesha. Halafu chandarua. Tunashukuru kwa vyandarua vyenye dawa, vinaokoa watoto wetu na malaria. Lakini dawa hiyo imewekwa kuua wadudu, na kiwavi wa hariri ni mdudu, tena dhaifu kuliko mbu. Hakuna mzazi atakayetoa chandarua cha mtoto ili viwavi waishi, na asishauriwe kamwe kufanya hivyo.

Na tukumbuke kwamba mbegu za kufugwa nazo hazilingani. Aina za nchi za baridi, kama za Japani na kaskazini ya China, zinatoa hariri nyingi lakini ni dhaifu kwenye joto. Aina za nchi za joto zinazaa mara nyingi kwa mwaka na zinavumilia, lakini vifukofuko vyake ni vidogo. India, ambako joto ni kama letu au zaidi, kwa miaka mingi wamekuwa wanachanganya mama wa aina ya joto na baba wa aina ya baridi ili wapate sehemu ya nguvu za wote wawili. Basi mtu akikuambia "mayai ya kisasa," swali la kwanza ni: ya aina gani, na yamejaribiwa kwenye joto gani? Kwenye mikutano ya kujiandikisha, hakuna aliyeulizwa swali hilo, na hakuna aliyelijibu.

"Mbegu ni yako milele"

Hili la tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linagusa kitu ambacho mkulima anakipenda: kubakiza mbegu yake mwenyewe.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Japani, Toyama Kametaro, alionyesha kwamba viwavi wa hariri wanafuata sheria za urithi zilezile ambazo Mendel alizipata kwenye njegere. Akaona pia kwamba watoto wa kwanza wa aina mbili tofauti wana nguvu na hariri kuliko wazazi wao. Japani ikashika njia hiyo, na leo wafugaji wengi duniani wanatumia mayai ya watoto hao wa kwanza, yaani chotara.

Mnaolima mahindi mnajua mambo ya chotara. Msimu wa kwanza shamba limesimama sawa kama askari. Ukibakiza mbegu ukapanda tena, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja hana kitu. Kiwavi ni hivyo hivyo. Watoto wa chotara wanagawana urithi wa babu na bibi kila mmoja kivyake, na vifukofuko havilingani tena. Ndiyo maana mfugaji ananunua mayai mapya kila msimu kutoka kituo kinachotunza zile aina za wazazi. Hakuna umilele hapo. Kuna utegemezi, na si dhambi, lakini mtu aambiwe.

Na kuna ugonjwa. Katikati ya miaka ya 1800 Ufaransa ilikuwa nchi kubwa ya hariri. Mwaka 1853 wafugaji wake walivuna vifukofuko tani 26,000. Mwaka 1865 ilibaki tani 4,000 tu. Ugonjwa ulioitwa pébrine uliwamaliza viwavi, na familia za vijijini kusini mwa nchi hiyo zikafilisika. Serikali ikamtuma Louis Pasteur kwenye mji wa Alès. Alichokithibitisha ni kwamba ugonjwa unapita kutoka kwa mama kwenda kwenye yai. Dawa yake haikuwa ya kunywesha mtu. Kila nondo jike alitagia mayai mahali pake peke yake, halafu alisagwa na kuangaliwa kwa hadubini. Akionekana na vijidudu, mayai yake yote yalichomwa. Njia hiyo bado ndiyo inayotumika.

Kwa hiyo mayai ya hariri si kitu cha kubebwa kwenye begi kutoka kusikojulikana na kugawiwa bure au kwa pesa. Nyuma ya mayai mazuri kuna kituo, hadubini, baridi ya kuyatunzia, na mtu anayeweka jina lake kwenye karatasi. Anayesema "nitawaletea" bila kuonyesha hayo, hana mbegu. Ana maneno.

Ninachofikiri tufanye

Wengine wameniambia: wewe unawakatisha tamaa watu. Wakimbizi wanahitaji kazi, wanahitaji matumaini, na si kila mradi unafaulu. Nimelifikiria jambo hilo. Ni kweli kwamba watu wamechoka kungoja mgao, na ninawaheshimu kwa kutaka kujaribu. Pia sipingi hariri katika nchi yetu. Mforosadi unaota vizuri kwa kupanda kijiti tu, matunda yake watoto wanayapenda, na majani yake mbuzi anakula. Familia iliyorudi kijijini, yenye shamba na amani, inaweza kupanda miforosadi kwenye mpaka wa shamba leo, na hata hariri isipokuja, haitakuwa imepoteza. Mti kwanza, kiwavi baadaye.

Ninachopinga ni kuanza na pesa ya maskini. Franka 15,000 kwa mtu mwenye mshahara ni kitu kidogo. Kwa mama yule ni unga wa wanawe, na ni deni kwa dada ambaye sasa hawasemezani. Tofauti kati ya kiwavi wa porini na wa kufugwa ilichukua maelfu ya miaka, vituo, na mashamba ya miti. Huwezi kuibeba gharama hiyo na kuiweka kwenye kichwa cha mtu aliyekimbia na sufuria moja.

Kwa hiyo, kwa familia zilizoko kambini: mtu yeyote akija na habari ya hariri, msitoe pesa mpaka ajibu maswali manne mbele ya watu wote. Mbegu ni ya aina gani na inatoka kituo gani? Majani yatatoka shamba gani, na shamba hilo lina miti tayari? Viwavi watakaa kwenye nyumba gani? Nani atanunua vifukofuko, kwa bei gani, na karatasi yake iko wapi? Akikasirika kwa kuulizwa, mmepata jibu.

Kwa mashefu na viongozi wa kambi: anayekusanya pesa kwa wakimbizi aonyeshe kwanza karatasi ya ruhusa na aandike majina na kiasi alichopokea, nakala moja ibaki kwenu. Wale waliolipa tayari waorodheshwe sasa, wakati watu bado wanakumbuka tarehe, na orodha ipelekwe polisi.

Kwa mashirika: kama mnataka kweli kuleta kazi ya hariri hapa, anzeni na miti na nyumba, na gharama ya msimu wa kwanza ibebwe na mradi, si na familia. Na kama ni hariri ya porini mnayoitaka, semeni hivyo waziwazi, muwafundishe watu kusokota, muwape kinga ya nywele zile, na mlinde msitu ambao viwavi wanakaa.

Na kwetu sisi wa redio: tangazo linaloomba pesa kwa watu waliopoteza kila kitu lisisomwe kabla ya mwandishi mmoja kwenda kuuliza. Kama aliyelileta hataki kuulizwa, arudishiwe pesa yake ya tangazo. Hilo nimelisema kwenye kikao chetu, na nalisema hapa ili mnikumbushe siku nikisahau.

Nilirudi kwa yule mama na kumweleza yote haya, taratibu, tumeketi kwenye bidoni zetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Sasa kwa nini haya hukuyasoma redioni siku ile?" Sikuwa na jibu la kumpa. Wiki hii nitayasoma, asubuhi na jioni, kwa siku tatu, saa zilezile lilipopita tangazo.